Mwaka wa Betri za Kuazima

Nasra alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimekaa uani kwangu Ganako, hapa Karatu, nachambua maharage, na kabla hajasema lolote alivuta pumzi namna ile ile aliyokuwa akivuta alipokuwa mtoto wa chekechea na anataka kulia mbele za watu. "Mwalimu," akasema, "bibi ametutoka." Nilimpa pole, nikamuuliza wamemzika wapi, nikamuuliza siku za mwisho alikuwa anakula nini, maswali ambayo mtu huuliza ili tu simu isikatwe. Bi. Shamsa alikuwa bibi yake wa damu, lakini alikuwa wangu pia kwa namna yake, maana ndiye aliyetufundisha kupiga fidla, mimi na watoto wanne wa chekechea ya Karatu, katika mwaka ambao sukari ilikuwa hadithi na mche wa sabuni ulikuwa zawadi ya kutosha ya harusi. Baada ya majuma kadhaa Nasra akaniletea habari nyingine. Walifungua sanduku la marehemu kule Tanga wakaikuta kaseti yetu ya zamani, na mtoto wa Nasra akapata fundi wa kuihamishia kwenye simu. "Sikiliza, Mwalimu, ni yenyewe!" Sikusikiliza. Niliwaambia wote wanne waje nyumbani kwangu na fidla zao, tuisikilize pamoja au isisikilizwe kabisa. Wakanung'unika. Mmoja wao, simtaji, akasema Mwalimu Emiliana amezeeka na ukaidi wake umezeeka naye. Ni kweli, na sioni aibu. Nimefundisha watoto wadogo maisha yangu yote, na kama kuna kazi ninayoijua sawasawa ni kusubiri darasa litimie.

Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Chekechea yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha kuazima nyuma ya kanisa, chenye sakafu ya udongo uliosiribwa kwa samadi na dirisha moja lisilo na kioo. Miezi ya baridi ukungu wa Ngorongoro ulikuwa unashuka mpaka mjini na kuingia dirishani bila hodi, hata nikawa naita majina ya watoto wa benchi la nyuma kwa kukisia. Uji ulipikwa nje kwa kuni mbichi, na moshi wake ulitusomesha sote. Juu ya kabati kulikuwa na sanduku la mbao. Daktari mmoja mgeni aliyewahi kufanya kazi ya misheni upande wetu alihama na familia yake, akaacha vitu vilivyokosa nafasi garini: kitanda cha mtoto, viatu vya mvua, na fidla nne ndogo za wanawe. Kitanda na viatu vilipata watu siku ile ile. Fidla hazikupata mtu. Zikaletwa chekechea kwa kuwa zilikuwa ndogo, na wazee wa kamati wakadhani ni vitu vya kuchezea.

Aliyejua kwamba si vya kuchezea ni Bi. Shamsa, mke wa Mzee Hamza mwenye duka la kanga na shuka karibu na soko. Alikulia Tanga, katika nyumba ambayo baba alipiga fidla kwenye kikundi cha taarabu na binti akajifunza kwa kukaa mlangoni na kunyamaza. Siku moja alimleta mjukuu wake Nasra darasani, akaliona lile sanduku, akalishusha na kulifungua bila kuniomba ruhusa. Akatoa fidla moja, akaibana chini ya kidevu juu ya mtandio wake, akakaza nyuzi huku amefumba macho. Kisha akapiga. Ni kidogo tu, labda kama mtu anavyoonja chumvi kwenye mchuzi, lakini watoto wangu ambao hawakuwahi kunyamaza hata kwa sala ya asubuhi walinyamaza. Mtoto mmoja, Lemayani, ambaye wazazi wake walikuwa wafugaji wa huko juu Ngorongoro na alikuwa akiishi kwa shangazi yake mjini ili asome, alisogea mpaka akagusa buibui la yule mama. Bi. Shamsa akaurefusha mkono wa Lemayani, akaulinganisha na urefu wa fidla, akasema, "Huyu inamtosha." Akawapima watoto wote namna hiyo. Mikono iliyotoshana na fidla ikawa minne: wa Lemayani, wa Nasra, wa Rehema binti wa muuguzi, na wa Tluway, ambaye alikuwa hajawahi kukaa kitako tangu azaliwe.

Masomo yangu mimi yalikuwa alasiri, chumba cha nyuma ya duka. Nikifunga macho nakiona: mkeka, mabunda ya kanga mpaka darini, harufu ya mafuta ya taa na dawa ya kuogeshea ng'ombe, na juu ya kigoda redio kaseti ya Mzee Hamza iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Bi. Shamsa alinipa chai ya iliki isiyo na sukari na muhogo wa kuchemsha uliopakwa tui la nazi iliyosafiri kutoka kwao. Kutoka dukani tulimsikia Mzee Hamza akibishana na wateja wa Kimasai juu ya wekundu wa shuka. "Hii imeiva," atasema yeye. "Hii imechuja, mzee, lete ile ya juu," atajibiwa, na ya juu ikishushwa ataambiwa ile ya kwanza ilikuwa afadhali. Katikati ya mabishano hayo Bi. Shamsa alinifundisha kushika upinde wa fidla bila kuunyonga. Nilitegemea atanipa na mafunzo ya kuwafundisha watoto. Badala yake akanikabidhi kaseti moja.

"Huyu anayepiga fidla ni marehemu baba," akaniambia. "Na udi anapiga kaka yangu Athumani. Wimbo ni mmoja tu, umerudiwa mpaka kaseti inaisha. Utawafungulia watoto kila siku ya Mungu."

"Na fidla watashika lini?"

"Hebu niambie, mwanangu, wewe ulianza kusema Kiiraqw siku gani?"

Nikamwambia sijui.

"Hujui kwa sababu ulisikia kwanza. Mtoto hasemi ila alichosikia. Na wala usiwaambie 'nyamazeni msikilize.' Waache wanywe uji, wachezee udongo, wagombane. Wimbo utawaingia wenyewe, kama moshi unavyoingia nguo."

Ndivyo tulivyofanya. Kila asubuhi nilipita dukani kuichukua ile redio, nikaibeba ndani ya kapu kama mtu anayetoka sokoni na kuku, na wakati wa uji nikaifungua. Msimu mzima wa mvua watoto hawakugusa fidla. Walikunywa uji, wakachafuana, na marehemu mzee wa Tanga akawapigia. Halafu siku moja nikamsikia Tluway akiwa chooni anauvumisha puani ule wimbo mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka mahali. Nilisimama nje ya kile choo cha majani ya migomba nikicheka peke yangu. Bi. Shamsa nilipomwambia hakucheka. Alisema, "Haya, mlete. Yuko tayari kushika."

Watu wa mji hawakuelewa, na kwa haki yao nitasema jambo lenyewe lilikuwa gumu kueleweka. Nilikuwa naosha vikombe nje ya dirisha nilipowasikia wazee wa kamati wakilijadili. Mwenyekiti wetu Mzee Boay, mkulima wa ngano mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde, alikuwa akisema, "Nimeuliza wanajifunza nini, nimeambiwa wanasikiliza. Sasa kusikiliza nako ni somo? Hata mbuzi wangu wanasikiliza." Wenzake wakacheka. Alipotoka na kunikuta nimeshika vikombe hakubabaika. Akaniambia usoni, na kwa hilo nilimheshimu: "Binti, kuna shule Arusha imeziomba hizo fidla. Wana mwalimu wa muziki kabisa. Sisi tunafungua darasa letu jipya baada ya mavuno. Siku hiyo watoto wapige wimbo mmoja, wimbo ambao mimi mzee nisiyejua kitu nitasema kweli huu ni wimbo. Wakishindwa, sanduku litakwenda Arusha likapate wenye kulijua." Nilirudi ndani nikawatazama wale wanne. Rehema alikuwa amelala na kichwa juu ya fidla yake. Tangu siku ile sikuwa na jambo lingine maishani: lile sanduku lisiondoke Karatu.

Hapo ndipo Bi. Shamsa akaitwa Tanga. Mama yake alikuwa kitandani na hakuwa na mtoto mwingine wa kike wa kumuuguza. Aliniachia fidla ya baba yake na maagizo mafupi huku akifunga mzigo. Kaseti kila siku, hata mtoto akiumwa apelekewe nyumbani. Na kabla ya kupiga, nyuzi nizipatanishe na sauti ya kwanza ya kaseti, maana hali ya hewa huzichezea. "Baridi ya kwenu hii inazivuruga nyuzi," alisema. "Usijiamini, amini kaseti. Mimi nitarudi kabla ya sherehe, na Athumani nitamleta awasindikize na udi." Nilimsindikiza mpaka kwenye basi. Alipanda, akachungulia dirishani, akasema tena, "Kila siku, Emiliana." Nikasema ndiyo, na ndiyo yangu wakati ule ilikuwa ndiyo.

Betri zikaanza kuchoka kabla ukungu haujatulia. Nani aliyeishi miaka ile asiyekumbuka? Kila kitu kiliadimika, na betri ziliadimika kuliko chumvi. Mzee Hamza mwenyewe, mwenye duka, alikuwa na rafu ya betri yenye vumbi tu. "Ningekuwa nazo ningekupa, mwalimu," alisema, "lakini nauza nilichonacho, na nilichonacho ni matumaini." Kila mtu alijua dawa ya betri iliyochoka: unaianika juani, inapata nguvu ya siku moja. Lakini jua la kuanikia lilikuwa wapi, Karatu, miezi ya baridi? Nilizipasha kwenye majivu ya jiko la uji nikiogopa zisipasuke. Nilizifunga kwenye kitambaa nikalala nazo ubavuni. Mwisho nikaanza kuomba. Nilipita nyumba hadi nyumba nikiomba betri za tochi ambazo wenyewe walikuwa wameshazikatia tamaa, na nashangaa mpaka leo jinsi watu walivyotoa. Mama Rehema alinipa za tochi yake ya zamu. Baba yake Lemayani alishuka kutoka Ngorongoro na betri mbili ndani ya mfuko wa ngozi, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anatoa mahari. Hata mke wa Mzee Boay alinivuta nyuma ya ghala akanitilia mbili mfukoni, akasema, "Mzee akiuliza tochi yake ina nini, nitamwambia imezeeka kama yeye." Hakuna betri iliyokuwa nzima. Nilizichanganya, mgonjwa kwa mgonjwa, na redio ikaimba. Sikuruka siku. Niandike hapa wazi, kwa sababu ndiyo fahari yangu kubwa: tulikuwa na njaa ya mambo mengi mwaka ule, lakini hakuna asubuhi ambayo wale watoto waliukosa wimbo wao.

Asubuhi hizo tulipata msikilizaji mwingine. Bibi yake Lemayani, ambaye sote tulimwita koko kama mjukuu wake alivyomwita, alikuwa akija siku za mnada na maziwa kwenye kibuyu, na akishauza hukaa nje ya dirisha letu, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache lakini yote ya kazi. Mwanzo alikuwa hauthamini ule wimbo. "Haraka sana," aliniambia. "Kama ndama ametoroka." Baadaye, sijui ni mnada wa ngapi, nilimsikia anavuma na redio, kwa sauti ya chini iliyotoka kifuani, mdomo umefungwa. "Koko, umeupenda sasa?" nikamuuliza. Akasema, "Sasa umetulia. Sasa unatembea na ng'ombe." Nilidhani ameuzoea. Na mimi kila juma nilipopatanisha nyuzi za watoto na kaseti nilikuta lazima nizilegeze kidogo, nikazilegeza, nikasema moyoni, kweli Bi. Shamsa anaijua baridi ya kwetu. Watoto waliupiga vizuri. Hilo nililijua bila kuambiwa. Mikono minne midogo ilikuwa inashuka na kupanda pamoja, na Tluway, yule Tluway, alikuwa akisimama wima mpaka noti ya mwisho iishe.

Siku ya kufungua darasa ilifika, na Bi. Shamsa hakuwa amefika. Basi lao lilikuwa limelala njiani, chini ya mlima pale Mto wa Mbu. Uwanja ulikuwa umejaa tangu mapema. Wazee walikaa kwenye viti vya kanisa, akina mama walisimamia masufuria ya makande na wali, na wafugaji waliokuja mnadani walisimama kando na fimbo zao, koko akiwa mbele yao amejipamba kwa shanga mpaka mabegani. Nilikuwa nawavalisha watoto viatu vya kuazima nilipomwona Bi. Shamsa anakuja mbio na vumbi lake, nyuma yake mwanamume mwembamba mwenye kanzu aliyekumbatia udi. Alinishika mashavu, akaniuliza kwa pumzi moja hujambo, watoto wazima, mmesikiliza? Halafu akafungua mkoba akatoa betri mpya, bado ziko kwenye karatasi yake. Huko pwani wanajua wanakozipata, na mimi sikuuliza. "Tuwasikilizishe mara moja waingie na wimbo moto," akasema, akazitia kwenye redio.

Kilichotoka sikukijua. Kilikuwa wimbo, kilikuwa na mwendo wa kufanana na wetu, lakini kilikuwa juu na kilikuwa kinakimbia, kinakimbia kweli, kama mtu aliyefuatwa na nyuki. Nasra akaziba masikio. Rehema akaanza kulia. Tluway akasema kwa sauti ya kushtaki, "Mwalimu, huo si wimbo wetu!" Bi. Shamsa alisimama ameshika redio. Akawaambia wapige. Wakapiga, na nilimwona uso unabadilika. Aliwaacha wafike mwisho kwa adabu ya mtu wa muziki, kisha akanigeukia.

"Emiliana. Huu wimbo wa nani?"

"Wa baba yako, Bi. Shamsa."

"Wa baba yangu haulali hivi. Na nyuzi zimeshuka zote, zimeshuka mno. Umefanya nini?"

Nilifanya nini? Ndipo nilipoelewa. Betri zilizochoka huzungusha kaseti polepole, na kaseti ikizunguka polepole sauti hushuka nayo. Ilikuwa imeshuka kila siku kidogo kidogo, kwa kiasi kile ambacho mtoto hukua machoni pako usione, na mimi nimeifuata kwa kulegeza nyuzi, na watoto wamenifuata mimi. Nilimweleza hayo kwa maneno yasiyo na mpango. Nje niliisikia sauti ya Mzee Boay ikimaliza hotuba. Bi. Shamsa akamnyang'anya Nasra fidla na kuanza kukaza nyuzi. "Watapanda," akasema. "Nitawapandisha sasa hivi. Siwezi kumwaibisha baba yangu mbele za watu."

Sijui nilipata wapi ujasiri, binti wa miaka kumi na tisa kwa mama mtu mzima. Niliushika mkono wake. "Usizikaze, nakuomba. Ukizikaza watapotea, na sanduku litakwenda Arusha leo leo. Wewe ndiye uliyeniambia mtoto hasemi ila alichosikia. Hiki ndicho walichosikia. Wamekisikia kila siku, sikuwakosesha hata moja, nimezungukia mji mzima nikiomba betri. Wape udi uwafuate."

Aliyejibu ni kaka yake Athumani, ambaye tangu afike alikuwa hajasema zaidi ya salamu. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi akicheka chinichini. "Dada," akasema, "watoto wamefuata mashine, mashine imefuata betri, na betri zimefuata mwaka. Utamchapa nani, mwaka?" Kisha akauweka udi mapajani, akamwambia Lemayani apige uzi mmoja mmoja, na yeye akaanza kulegeza. Alilegeza uzi baada ya uzi, sikio ameliinamisha karibu na tumbo la udi, mpaka akashuka walikokuwa watoto. "Mkubwa ndiye huinama," akamwambia dada yake. Bi. Shamsa akairudisha fidla ya Nasra palepale ilipokuwa, akampa, na kwa ncha ya mtandio akamfuta Rehema machozi.

Walisimama wanne mbele ya mlango wa darasa jipya, Athumani amekaa nyuma yao na mimi pembeni na fidla ya yule marehemu. Nilimwona Mzee Boay amekunja mikono. Watoto wakaanza. Wimbo ulitoka chini, ukaenda taratibu, na kwa sababu haukuwa na haraka kila sauti ilionekana nzima, mtu angeweza kuishika mkononi. Walipofika mara ya pili nilisikia kitu kingine. Koko alikuwa anavuma. Aliujua wimbo ule kuliko mtu yeyote pale, alikuwa ameusikiliza mgongo ukutani miezi yote ile, na kwa sauti yake ya kifuani aliingia chini ya fidla akakaa. Vijana wa kifugaji nyuma yake wakamtazama, wakatazamana, halafu mmoja akaingia, halafu wote, sauti nzito za kukoroma zile wanazoziimba wenyewe wakiwa kwao, na mwendo ukawapokea kama ulitengenezwa kwa ajili yao. Ungekuwa mbio zile za betri mpya wangeingilia wapi? Athumani aliinua kichwa kutoka kwenye udi akamwangalia dada yake, na Bi. Shamsa alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Tluway alisimama wima mpaka sauti ya mwisho ikaisha. Nilijisikia nimekuwa mrefu. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Mzee Boay aliinuka, na uwanja ukasubiri. Alikohoa. "Mimi nilisema kusikiliza si somo," akasema kwa ile sauti yake ya bondeni. "Nalirudisha neno langu zizini. Arusha watafute fidla nyingine." Akina mama wakapiga vigelegele, na mke wake akapaza sauti kutoka kwenye masufuria, "Na betri za tochi yako umezisikia?" Alichukua muda kuelewa. Alipoelewa alicheka mpaka akakaa, na tangu siku hiyo, kila watoto walipopiga mahali, alikuwa akiwaambia watu kwamba umeme wa wimbo huo ni wake. Baada ya makande Bi. Shamsa alinivuta kando. Nilidhani ni karipio. Aliniambia, "Ile fidla ya baba kaa nayo. Mimi nilikuachia wimbo mmoja, nimerudi nimekuta miwili." Ipo ukutani kwangu mpaka leo, na sijamruhusu mtu kuigusa bila kunawa.

Walikuja wote wanne, kama nilivyoamuru. Nasra kutoka Tanga, Rehema na miwani yake, Tluway ambaye sasa ana gereji mjini na mikono isiyotakata, na Lemayani, mwenye mvi, aliyeshuka kutoka Ngorongoro na mjukuu wake Nashipai, mtoto wa miaka mitano aliyekaa mapajani pangu bila kualikwa. Kule kwao Lemayani humpigia wimbo wetu kila asubuhi wakati anakunywa maziwa. Hamwambii anyamaze wala asikilize. Niliwapa chai, nikaweka simu juu ya meza, nikafunga mlango. Nasra akaifungua. Baba yake Bi. Shamsa akapiga kama alivyopiga siku ile Tanga, juu, mwepesi, vidole havishikiki, na Athumani kijana akimfukuza na udi. Ulikuwa wimbo mzuri sana. Nilimwona Nasra analia kwa kuvuta pumzi ile ile, na mimi nililia pia, kwa kuwa kwa mara ya kwanza nilielewa mama yule alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza nini, na alituachia nini siku ile alipoirudisha fidla bila kukaza uzi. Wimbo ulipofika katikati Nashipai aliinua uso wake kunitazama. Alikuwa ameukunja kidogo, uso wa mtoto anayeona mgeni ndani ya nguo za baba yake.

"Koko," akaniuliza, "huyu anakimbia nini?"

"Hakimbii, mwanangu," nikamwambia. "Betri zake ni mpya tu."